L ya Kulia

Mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, nyinyi mnaobaki pale karakana Mtaa wa Sikukuu. Haya, naandika. Habari za malipo sitaziandika, maana miaka mingi nilijilipa mwenyewe na tajiri huyo alikuwa bahili. Vyeo navyo sina. Nilianza fundi nikamaliza fundi, katikati nikaongezewa miwani tu. Shule niliishia darasa la nne, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu mbele kuna mambo ya kompyuta na sitaki kukatizwa.

Kabla ya meno nilikuwa fundi viatu. Nilikuwa na kibanda cha mabati Gerezani, nashona na kubadilisha soli, na nilikuwa hodari, sioni sababu ya kusema vingine. Enzi za foleni kiatu kilitunzwa kama mali. Mtu alikiletea soli mpya, na nyingine, na nyingine tena, mpaka cha awali kilichobaki ni matundu ya kamba. Halafu ikaja ruksa. Kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuleta mzigo kutoka nje, na viatu vya mitumba vikamwagwa Kariakoo kwa marobota. Mimi nikabaki na sindano mkononi nawaangalia wapita njia wakipita na miguu yao mizuri.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyomfufua Mzee Kanji. Huyu alikuwa Mhindi wa Kisutu, fundi wa meno ya bandia, na wakati vitu vilipoadimika alikuwa akichonga meno mapya kutoka kwenye meno ya zamani. Sasa akriliki, ile plastiki ya kutengenezea ufizi wa bandia, ikaanza kupatikana, meno ya dukani yakaja kwenye vibao vyake kama vifungo vya shati, na kazi ikamzidi. Siku moja alileta kiatu chake kwangu. Akasimama akiniangalia ninavyopiga tupa kwenye kisigino.

"Nani alikufundisha kupiga tupa?"

"Njaa," nikamjibu.

"Unaogopa mate?"

"Mate ya nani?"

"Ya watu wote."

Nikamwambia miguu ya watu wote nimeishika, mate ni maji tu. Kesho yake nikaenda kuanza kazi kwake.

Siku ya kwanza alinipa taya la chini la plasta, la mtu asiye na jino hata moja, akaniuliza kulia ni wapi. Nililiweka mezani likanitazama, kama mtu aliyekaa mbele yangu, nikaonyesha. Akaligeuza.

"Huyu mtu hakutazami, Mbwana. Huyu mtu ni wewe. Mbele ya taya ielekee mbele yako, nyuma yake ielekee tumboni kwako. Sasa kulia kwake na kulia kwako ni kitu kimoja, huwezi kukosea."

Akachukua msumari akachora herufi L kwenye plasta, upande wa kulia, na S upande wa kushoto. Nikamuuliza kwa nini asiandike K.

"Kulia inaanza na ku. Kushoto inaanza na nini?"

"Ku."

"Basi ukiandika K utajua nini? Ruka hiyo ku. Ku-Lia, L. Ku-Shoto, S."

Nikaona huyu mtu ana akili. Tangu siku ile kila taya lililopita mikononi mwangu lilikuwa na L na S, na nyinyi nyote niliwafundisha hivyo. Kumbukeni hizo herufi, nitazirudia.

Mzee Kanji alinifundisha plasta, nta, kupanga meno, kung'arisha. Alinifundisha kwamba plasta humwagwa juu ya maji, siyo maji juu ya plasta, na kwamba mtu akisema meno yanambana muulize wapi halafu uangalie upande wa pili. Lakini akifika hatua ya kupika akriliki alikuwa anavuta pazia. Lilikuwa pazia la maua, lilishonwa na mkewe, na nyuma yake mimi sikuruhusiwa. Nilisikia sufuria, nilisikia jiko la mchina, nilisikia anakohoa. Nilijaribu kupika mwenyewe nyumbani na sahani zangu, yaani ufizi wenyewe unaoshika meno, zikatoka na vitundu kama maandazi. Zake zilitoka laini kama ndani ya kombe. Siri ilininyima raha kwa muda mrefu kweli.

Macho yake yalipoanza kufifia akanifungulia pazia mwenyewe. Ndani kulikuwa na sufuria, jiko na kigoda. "Moto mdogo," akasema. "Unaupandisha polepole, unakaa, hujiendei kokote." Ilikuwa hiyo tu. Nilimuuliza kwa nini alinificha jambo dogo namna ile. Akasema na yeye alifichwa. Baadaye alihamia kwa wanawe ng'ambo akaniachia meza, tupa zake, na lile pazia. Meza na tupa mnazo. Pazia nalo nililitumia, kwa sababu ndivyo nilivyojua kwamba ufundi unalindwa.

Sasa nije kwa Daktari Hansa. Huyu alizaliwa palepale Kisutu, akasomea meno, akafungua kliniki ndogo ghorofani karibu na nyumba aliyokulia. Nikawa fundi wake. Yeye anapima vinywa, mimi natengeneza, na tulizoeana mpaka tukawa tunagombana kwa simu bila salamu. Kwa sababu yangu naye akashika L na S. Shuleni walimfundisha herufi zao za Kizungu, lakini aliona ni rahisi yeye kunifuata mimi kuliko mimi kumfuata yeye. Kila karatasi aliyoniandikia, L ilikuwa kulia. Alinitania kwamba nimemharibia shahada.

Vikaja vipandikizi. Kwa asiyejua, kipandikizi ni skrubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa wa taya, mfupa unaishika, halafu juu yake unafunga jino au sahani nzima. Kwenye taya la chini kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa kila upande, kama waya ndani ya ukuta. Ukitoboa ukuta bila kujua waya uko wapi, unajua kitakachotokea. Mdomo wa chini unakufa ganzi, na huenda usirudi. Daktari alikuwa anakisia kwa eksirei bapa, kwa hiyo aligusa vinywa rahisi tu, wenye vigumu akawaambia nendeni nje ya nchi.

Baadaye mashine ya kupiga picha ya tabaka kwa tabaka ikapatikana mjini, unampeleka mgonjwa, unarudi na CD. Lakini CD ni CD tu kama huna programu ya kuifungua na kupanga. Muuzaji mmoja alikuja na programu yake iliyofungwa kwa kikufuli cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Nilimuuliza ndani mna nini. Akasema hilo mtumiaji hahitaji kulijua. Nikamkumbuka Mzee Kanji na maua yake.

Nikaenda kwa Neema. Huyu ni fundi kompyuta, duka lake ghorofa ya juu Mtaa wa Narung'ombe, anauza na kutengeneza kompyuta za mtumba. Mdomo wake mkali kuliko bisibisi yake.

"Mambo, Mzee!"

"Mambo gani? Mimi rika la baba yako."

"Haya, shikamoo."

"Marahaba. Sasa mambo poa."

Nikamweleza shida. Akatafuta mtandaoni, akasoma, akasema ipo. Inafungua picha za aina hiyo, inajenga mfupa mzima, unaweza kupima na kuchora ndani yake. Ya bure.

"Ya wizi?"

"Siyo ya wizi. Ni programu huria. Waliotengeneza wameitoa na maandishi yake ya ndani yote. Unaruhusiwa kuitumia, kuifungua, kuibadilisha, kumpa jirani."

"Nao wanakula nini?"

"Mzee, sijui. Wengine walimu wa vyuo, wengine wanafanya tu jioni. Muhimu hawakudai wewe."

Nimekaa Kariakoo maisha yangu yote. Hapa hata kionjo cha tende kina sababu yake. Nilikaa pale dukani namuuliza: hawa watu hawana pazia? Hakunielewa mpaka nilipomsimulia. Akafungua ukurasa mmoja, mistari ya maandishi kutoka juu mpaka chini, akasema, "Hili hapa jiko lao. Tazama utakavyo." Sikuelewa neno hata moja, lakini nilitazama. Nilitazama sana.

Daktari alisita, na kwa haki yake. Alisema programu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya meno peke yake, ni ya mwili mzima, na hakuna wa kumlaumu likiharibika. Tukakubaliana mimi nitapanga na yeye atahakiki, na kila tulichopima kwenye kioo cha kompyuta tutakipima tena kwenye plasta. Neema akaiweka kwenye kompyuta yangu na ya kliniki.

Kiingereza sina, kwa hiyo nilizijua alama kwa sura. Kuna tuliyoiita jicho, kuna kisu, kuna ndoo ya rangi. Unavuta kitelezi mpaka nyama zinapotea na mfupa unabaki. Ukivuta sana hata mfupa unakuwa kama wavu. Mgonjwa mwenye jino la chuma anatoa miale kama jua, hapo hakuna kinachoonekana. Ule mshipa wa fahamu unaudungadunga tabaka kwa tabaka, nukta baada ya nukta, na hapo nilijiona nimerudi Gerezani napitisha uzi kwenye soli. Kompyuta ilikuwa ya mtumba na kumbukumbu yake ndogo, ikiganda nilikwenda kunywa chai nikarudi. Programu haikuwa na skrubu za meno, tukaweka nguzo za duara zenye unene uleule. Mashine ya kuchapa vitu hatukuwa nayo bado. Nilichukua vipimo vya kioo nikavihamisha kwa mkono: natengeneza sahani ya akriliki ya kuvaa kinywani, naichomeka vijibomba vya chuma palepale skrubu itakapoingia, na urefu wa kijibomba ndio unaoizuia keekee ya kutobolea isizame kupita kiasi. Kijibomba kirefu, tundu fupi. Kijibomba kifupi, tundu refu. Hiyo ndiyo sahani ya kutobolea, na Daktari anafuata hiyo.

Tulifanya kazi kadhaa rahisi, za mfupa mnene pande zote mbili na skrubu za urefu mmoja, zikaenda vizuri. Halafu akaja Mwalimu Zuhura.

Mwalimu Zuhura anafundisha watoto Kurani Magomeni. Meno yake ya chini niliyatengeneza mimi, tena zaidi ya mara moja, na mfupa ulikuwa umeliwa mpaka sahani haina pa kukaa, inaelea. Alikaa kwenye kiti cha kliniki akaivua, akaifunga kwenye leso, akasema:

"Fundi Mbwana, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nikisema thaa, sahani yako nayo inasema lake. Watoto wanaiga. Juzi nimesema dhaal, darasa zima likanijibu dhaal-tak."

Daktari akacheka. Mwalimu hakucheka.

"Mtoto anabeba herufi aliyoisikia mara ya kwanza. Wanaoanza nimeshawahamishia kwa mwenzangu, nimebaki na wakubwa. Kama hamna dawa niambieni, niwape na hao."

Dawa ilikuwepo: vipandikizi viwili mbele, kila upande kimoja, sahani inajibana juu yake kama kifungo cha chuma. Lakini CD yake ilipofunguka tuliona mfupa wa upande mmoja umekonda na mshipa umepanda juu, karibu sana. Upande wa pili ulikuwa mzuri. Daktari akamweleza wazi: upande mzuri skrubu ndefu, upande mbaya skrubu fupi, na tukigusa mshipa mdomo wa chini unaweza kufa ganzi.

Mwalimu akabana midomo akazitamka herufi moja moja, "Baa. Miim. Waaw. Faa. Zote za mdomo. Sasa hivi sahani inaniharibia chache. Mdomo ukinifia ganzi mmenichukulia na hizi."

"Ndiyo hatari yenyewe," Daktari akasema.

Mwalimu akanigeukia mimi. "Hicho kikompyuta chako kinajua?"

"Kinaona mfupa, Mwalimu."

"Sikuuliza kama kinaona."

Tulipanga mimi na Daktari, tumekaa mbele ya kioo kimoja. Yeye anagusa kioo kwa kalamu, "Huku ndefu, huku fupi," mimi naandika. Kwenye kioo taya lilikaa vilevile kama linavyokaa mezani kwangu: mbele ya taya juu, nyuma kuelekea tumboni. Upande wa mkono wangu wa kulia, pembeni kabisa, palikuwa na herufi L. Ingekuwa herufi nyingine labda ningeuliza. L! Nilifurahi, nikasema hata Wazungu wamefika kwa Mzee Kanji; ile R ya upande wa pili sikuitazama mara mbili. Nikaandika: L ndefu, S fupi. Daktari akaisoma karatasi yangu, akaona ni L na S zetu za siku zote, akatia saini.

Sahani ikatoka safi kabisa. Mwalimu akaitwa kuja kuijaribu kabla ya siku ya kutoboa. Ilikaa bila kutikisika. Wakati Daktari ananawa mikono mimi nikaamua kumwonyesha mgonjwa mfupa wake mwenyewe, kwa sababu napenda mtu ajue anabeba nini. Kwenye upande ule mzuri kulikuwa na kipande cheupe kama punje ya mchele.

"Unaona hii, Mwalimu? Hapa kulia kuna kipande cha mzizi kimebaki. Hakina madhara, tutakipisha."

"Kulia sina kitu," akasema.

"Kipo. Hiki hapa."

"Kipande ninacho, na aliyekiacha namjua, alining'oa jino nikiwa msichana likakatika. Lakini kiko kushoto. Ukibonyeza nakisikia." Akabonyeza kidevu, kushoto kwake.

"Mwalimu, imeandikwa L."

"Na L ni nini?"

"Kulia."

"Kwa lugha gani?"

Bomba likafungwa. Daktari Hansa alikuja na mikono inayodondosha maji, akakitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo tena. Akakaa.

"Fundi," akasema polepole, "L ya hapa siyo yetu. L ya hapa ni *left*. Kushoto."

"Lakini iko mkono wa kulia!"

"Kwa sababu picha hii inatazamwa kutoka miguuni. Mgonjwa amelala, wewe umesimama miguuni pake, unaangalia juu."

"Nani anamtazama mtu taya kutoka miguuni?"

"Madaktari wote duniani," akasema. "Na mimi nikiwemo. Nimekaa hapa nakwambia huku na huku, halafu nikasoma karatasi yako kama ninavyosoma karatasi zako siku zote."

Sikukubali upesi. Mtu hawezi kukaa na herufi moja miaka yote hiyo halafu akaiachia kwa sababu ya punje ya mchele. Lakini nilitaka kujua, na programu ile haikuficha kitu. Nikaacha lile tabaka, nikafungua mfupa mzima, nikaukamata kwa kipanya nikauzungusha mpaka fuvu likanigeukia likanitazama. Nikamwomba Mwalimu asimame kando ya kioo, uso kwa uso nami. Wakasimama pamoja, yeye na fuvu lake.

"Ndiyo mimi huyo?" akauliza. "Mbona nimekonda hivyo?"

"Bonyeza panapouma, Mwalimu."

Akabonyeza. Kwenye kioo punje ilikuwa upande uleule wa kidole chake. Kushoto kwake. Nikaishika sahani yangu safi ya kutobolea. Kijibomba kifupi, kile kinachoachia keekee izame sana, kilikuwa kulia, juu ya mfupa uliokonda na mshipa uliopanda. Mwalimu akaichukua sahani mkononi mwangu, akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Haya," akasema. "Tengeneza nyingine. Na safari hii uandike kwa maneno."

"Na wewe bado utakuja?"

"Nimeshajua mahali mnapokosea. Mwingine nikamwendee sijui anakosea wapi?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Neema. Nikamwambia hizo herufi zimetaka kumla mtu. Nilitegemea aniambie zizoee. Badala yake akasema, "Si tuzibadilishe?"

"Mali ya watu?"

"Wameruhusu, nilikwambia. Nipe maneno unayotaka."

Akafungua lile jiko lao, akatafuta, akafika kwenye mstari ambapo hizo herufi zimeandikwa. Herufi tu, ndani ya alama za kunukuu, kama yeyote alivyoweza kuziandika. Akazifuta. Akaandika KULIA KWA MGONJWA upande mmoja na KUSHOTO KWA MGONJWA upande wa pili. Akabonyeza, tukasubiri, programu ikafunguka na Kiswahili pembeni ya taya. Vijana, nimeona mengi, lakini sikuwahi kuona kitu kilichotoka ng'ambo kikanisikiliza mimi. Kile cha kikufuli kingebaki na L yake mpaka kiama.

Neema akasema tuwapelekee wenyewe, huenda wakayahitaji wengine. Akaandika barua pepe. Majibu yakaja kabla sijamaliza sahani ya pili, na Neema alinipigia simu anacheka hajiwezi.

"Mzee, wanashukuru. Lakini mmoja ametazama kamusi, anauliza kama tuna uhakika, maana kulia anaona ni kutoa machozi."

"Mwambie ni kulia upande."

"Nimemwambia. Anasema kamusi inasema pia ni kulia chakula, kama kijiko cha kulia."

"Mwambie zote ni kweli, na zote zinahusu mdomo."

Hatimaye wakaelewana. Sijui hao watu wanakaa wapi, sijui hata kama wana meno. Lakini nilipenda kwamba waliuliza.

Sahani ya pili niliitengeneza pazia likiwa wazi. Niliandika kulia na kushoto kwa maneno kamili, kwenye akriliki yenyewe, Daktari akavihakiki vijibomba mbele ya kioo, kimoja kimoja, akitamka kwa sauti na mimi nikimrudishia kwa sauti. Tangu siku ile ndivyo tunavyofanya, na ndiyo maana mnanisikia nikipiga kelele kama kondakta.

Siku ya kutoboa nilikaa kwenye benchi la nje. Mimi siruhusiwi ndani na sitaki kuruhusiwa. Nilisikia keekee, ikanyamaza. Nikaisikia tena, ikanyamaza. Daktari akatoka akavua barakoa, akasema skrubu zimekaa, lakini sindano ya ganzi bado inafanya kazi kwa hiyo hakuna anayejua lolote kuhusu mshipa. Tukangoja. Mwalimu alikaa kwenye kiti na kitambaa mdomoni, anatuangalia kwa zamu. Hakuweza kusema chochote kinachoeleweka, akawa anatuonyesha kwa kidole tukae chini, tunamchosha.

Ganzi ilipoanza kupungua Daktari akachukua pamba, akaisokota ncha ikawa nyembamba, akamwambia afumbe macho. Akaanza upande wa kushoto wa mdomo wa chini, ule usio na wasiwasi.

"Hapa?"

"Nasikia." Sauti nzito, lakini neno zima.

Akahamisha pamba. Kulia. Mwalimu akanyamaza. Daktari akagusa tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika lile taya la plasta, sijui kwa nini nilikuwa nalo. Akagusa kwa mara nyingine, pembeni kidogo.

"Nasikia," Mwalimu akasema.

"Upande gani?"

Akafumbua macho, akanitafuta pale mlangoni.

"Kulia," akasema. "Kwangu. Kwako sijui."